Mtoto anakula yai kila siku, uzito haupandi. Je, sumu ya bakteria inazuia utumbo kufyonza protini?

Mama_Kiwira

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naandika kutoka Kiwira, wilaya ya Rungwe. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi saba. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulipanda vizuri mpaka miezi tisa, halafu ukalala. Mwezi wa tano alikuwa na kilo 8.3, wa sita 8.3, wa saba 8.1, juzi tena 8.3. Muuguzi alipoweka nukta alikaa kimya, akaangalia nukta za nyuma, akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?"

Nilimjibu na hapa narudia. Asubuhi yai moja la kuchemsha, la kuku wangu mwenyewe, na uji wa ulezi wenye maziwa. Mchana ndizi na maharage niliyoyaponda kwa mwiko. Jioni ugali laini na mchuzi wa usipa kutoka Kyela. Parachichi hazikosekani, tunalima. Sijawahi kumlaza njaa hata siku moja, na ninaposema hivyo watu wananitazama kama nawadanganya.

Kinachonisumbua ni kuhara. Tangu mwezi wa tatu ameharisha mara nne. Baada ya ile ya kwanza, kila akinywa maziwa tumbo linajaa kama ngoma na choo kinatoka kwa nguvu, kinanuka uchachu. Halafu Jumamosi iliyopita kikatokea kituko: maziwa ya jioni yalilala kwenye ndoo ya plastiki, asubuhi nikayachemsha mpaka yakafurika mara tatu, tukanywa nyumba nzima. Kabla ya saa nne wote wanne tulikuwa tunatapika. Maziwa ya kuchemsha!

Jirani anasema ni meno ya plastiki, nimpeleke kwa mama mmoja akamng'oe. Mama mkwe haongei, ila najua anachofikiri: kwamba tumembemenda mtoto, yaani tumemdhoofisha kwa kukutana kimwili akiwa bado ananyonya. Muuguzi yeye aliniambia neno moja tu kabla foleni haijamvuta: "Utumbo wake umechoka, haufyonzi." Nilisoma baiolojia mpaka kidato cha nne. Nakumbuka protini inavunjwa kuwa asidi amino ndipo inaingia mwilini. Sasa bakteria wanaingiaje hapo? Sumu yao inakula lile yai kabla ya mtoto? Inaziba njia? Na nimesikia pia kwamba utumbo ukiharibika protini inapita nzima nzima mpaka kwenye damu na kuleta mzio. Ni kweli? Nisaidieni kwa lugha ya kueleweka, nitasoma yote.

Kaka_Mwanjelwa

Pole sana dada. Mimi si mtaalamu, nina duka la nafaka hapa sokoni. Ningekushauri upumzishe mayai na maharage kama mwezi mzima, ni vyakula vizito kwa tumbo lililochoka. Mpe uji mwepesi wa kuchuja na maji ya glukosi mpaka utumbo upone. Pia angalia unga wako, siku hizi sumukuvu imezidi kwenye mahindi na karanga. Huenda ndiyo sumu anayosema muuguzi.

Bibi_Kihesa

Marahaba mwanangu. Kamwene. Tulia usome, maana nitaandika kirefu. Nimefanya uuguzi kwenye kliniki za mama na mtoto hapa mkoani Iringa miaka 31, sasa nimestaafu, nipo Kihesa na mbuzi wangu. Swali lako nimelala nalo na kuamka nalo miaka mingi.

Kwanza nimjibu mdogo wangu wa Mwanjelwa, kwa upendo, kwa sababu ushauri wake ndio niliopambana nao maisha yangu yote ya kazi. Usimnyime mtoto yai. Mtoto anayeharisha anaendelea kula na kuendelea kunyonya, na kuhara kukikata aongezewe mlo mmoja zaidi kwa siku, angalau wiki mbili. Sababu utaiona hapo chini. Na sumukuvu ni jambo jingine: hiyo ni sumu ya kuvu, ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, usiichezee, anika mahindi yako na utupe yenye ukungu. Lakini muuguzi wako alikuwa anazungumzia kitu kingine.

Mwanangu, usione aibu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano nchi nzima ni asilimia 30. Iringa ilikuwa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Ni mikoa hii hii inayolisha nchi. Nimepima watoto wafupi kuliko umri wao ambao nyuma ya nyumba yao nilihesabu magunia arobaini ya mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa. Wengine chakula chao kilikuwa ugali mtupu, hilo lipo. Lakini wengine walikuwa wanakula kama binti yako, na kadi imelala. Hao ndio walionifanya nianze kuuliza kuhusu utumbo wenyewe.

Yai likishuka halifyonzwi kama yai. Tumboni asidi inalilainisha na kimeng'enya cha pepsini kinaanza kulikata. Kwenye utumbo mwembamba kongosho linamwaga tripsini na wenzake, wanakata vipande vidogo zaidi. Kazi ya mwisho inafanyika kwenye ukuta wa utumbo wenyewe: vimeng'enya vilivyopandwa juu ya ukuta vinamalizia, na seli zinavuta ndani asidi amino moja moja au vipande vya mbili mbili na tatu tatu. Kwa hiyo ulisoma vizuri shuleni. Walichosahau kukwambia ni kwamba ule ukuta si bomba laini. Chukua taulo jipya, lipitishe kiganjani. Zile nyuzi ndogo ndogo zilizosimama, ndivyo utumbo wa mtoto mzima ulivyo kwa ndani: vijinyoya maelfu kwa maelfu, na eneo la kufyonzea ni hapo. Sasa chukua taulo lililofuliwa miaka kumi. Nyuzi zimelala, limebaki kama shuka. Ukilimwagia maji yanateleza. Muuguzi wako aliposema utumbo umechoka, hicho ndicho alichokuwa anakiona kichwani.

Sasa sumu. Watu wanasema "sumu ya bakteria" kama kitu kimoja, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu kila sumu ina mlango wake.

Nikiwa msichana kazini nilihudumu kambi ya kipindupindu. Vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, ndoo chini, na tunapima kilichomo kwa jagi: kweupe kama maji ya kuoshea mchele. Mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Nilidhani utumbo wao umechunika wote ndani. Kumbe hapana! Sumu ya kipindupindu haichuni kitu. Ina sehemu tano zinazoshika uso wa seli kama vidole vya mkono, na sehemu moja inayoingia ndani na kufungulia bomba la chumvi, ikaacha wazi. Chumvi inatoka, maji yanafuata. Ukuta umesimama vilevile. Na mlango wa sukari unafanya kazi, unavuta sukari pamoja na chumvi, na maji yanarudi ndani nyuma yake. Asidi amino nazo nyingi zina milango ya namna hiyo, haikufungwa. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa mtu anayeharisha, imetokana na jambo hilo. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipoisha daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Kama sumu ingekuwa imefunga milango yote, maji yale yasingemfaa mtu.

Ndugu wa karibu wa sumu hiyo anatoka kwa bakteria aitwaye E. koli, anayeharisha watoto wetu wengi. Baadhi ya E. koli wana sumu mbili: moja inakufa kwa moto, nyingine ndogo sana inavumilia hata kuchemshwa. Zote zinafungulia maji. Mtoto anaharisha siku tatu nne, chakula kinapita haraka kabla hakijakatwa vizuri, hamu ya kula inakwisha, lakini ukuta haujabomoka sana. Ukimlisha, anafyonza. Si kwa asilimia mia, lakini sehemu kubwa inaingia. Ndiyo maana nasema usimnyime.

Shigela ni habari nyingine. Huyo ni wa kuhara damu, alipewa jina la Mjapani Kiyoshi Shiga aliyemgundua mwaka 1897. Shigela huingia ndani ya ukuta wa utumbo mkubwa na kuuchimba vidonda. Wapo wenye sumu inayoingia ndani ya seli na kuvunja kile kiwanda kinachotengeneza protini za seli yenyewe, na seli isiyoweza kujijenga inakufa. Hapo mtoto hakosi protini za chakula tu, anapoteza na zake: damu na ute vinavuja kupitia vidonda. Nimeona watoto waliougua kuhara damu wiki mbili wakavimba miguu, na mama anasema, "Lakini alikuwa anakula!" Ukiona damu kwenye choo, usisubiri mtu yeyote wa humu akujibu, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Halafu kuna ile inayoniuma zaidi, kwa sababu haina kelele. Ganda la bakteria wengi wa kinyesi lenyewe ni sumu, hata akiwa amekufa. Mtoto anayemeza kidogo kila siku, kwenye udongo, kwenye kikombe, kwenye kidole, haharishi, anacheza vizuri. Lakini ukuta wa utumbo unabaki na uvimbe mdogo mdogo usiokwisha, vijinyoya vinafupika, na zile fundo zinazobana seli kwa seli zinalegea. Ganda lile linapenya, mwili unawasha kinga saa zote, na protini ambayo ingeenda kwenye mfupa inatumika vitani. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa watoto katika nchi nane, na kwetu ulifanyika Haydom, mkoani Manyara. Watoto waliokutwa na Shigela au na kampilobakta, bakteria wa kinyesi cha kuku, mara nyingi kwenye choo, hata bila kuharisha, walikua kidogo kuliko wenzao.

Sasa nikuulize. Kuku wako wanalala wapi?

Kabla hujajibu, maziwa yako ya Jumamosi. Kuna bakteria anayekaa puani mwetu, kwenye majipu, kwenye kidonda cha mkono wa mkamuaji, na kwenye kiwele cha ng'ombe kinachoumwa. Maziwa yakilala kwenye ndoo bila kupoozwa, anazaliana usiku kucha na kumwaga sumu humo. Asubuhi ukichemsha unamuua yeye, lakini sumu yake haiogopi moto. Yafurike mara tatu au mara kumi, ni ile ile. Kutapika baada ya saa mbili tatu, nyumba nzima kwa pamoja, ni tabia yake kabisa. Chemsha maziwa jioni ile ile, dakika chache baada ya kukamua, ndipo yalale. Na mtazame ng'ombe kiwele.

Na tumbo kujaa akinywa maziwa: kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vile vijinyoya, na ncha ndizo zinazokufa kwanza. Sukari isiyokatwa inachachia chini, ndiyo hewa na ule uchachu. Si mzio huo. Mpe mtindi badala ya maziwa matamu kwa wiki kadhaa, ila chemsha kwanza, yapoe, ndipo uweke kianzio. Huku kwetu wengi wanagandisha maziwa mabichi, mtoto huyu asipewe hayo.

Sasa ile sababu ya yai. Seli za juu ya vijinyoya huishi siku tatu hadi tano tu, kisha zinadondoka na nyingine zinapanda kutoka chini. Utumbo wa binti yako unajengwa upya kila wiki. Unajengwa kwa nini? Kwa protini. Ukimpa uji wa kuchuja na glukosi mwezi mzima, fundi yupo saiti, matofali hayapo.

Meno ya plastiki, mwanangu, nakuomba kwa machozi. Ni chipukizi la jino la mtoto lisiloota bado, linachimbuliwa kwa msumari au spoku ya baiskeli. Nimepokea watoto wenye tetekuwanga, surua, malaria, hao tuliwatibu. Waliochimbuliwa fizi walikuja wakivuja damu, wamechelewa, na bado wanaharisha.

Mama_Kiwira

Bibi, ndaga fijo, asante sana. Nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mume wangu.

Kuku wanalala jikoni. Wako saba na jogoo. Ni sababu ya baridi na ya wezi, huku kwetu wengi tunafanya hivyo. Mtoto anaamka anakwenda kwao moja kwa moja, anaokota mahindi yaliyobaki chini na kuyatia mdomoni. Nimekaa nikafikiri: yai linatoka kwa kuku, na kinyesi cha kuku kinazuia yai. Sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

Na kuna jambo sikuliandika. Uji napika saa kumi na mbili, natia kwenye chupa ya chai, naenda shambani. Dada wa kazi anampa saa nne na saa nane. Jana nilifungua mfuniko nikatoa ule mpira wa ndani. Chini yake kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, unateleza, una harufu. Chupa naiosha kila siku, mpira sikuwahi kuutoa tangu ninunue.

Lile swali la protini kupita nzima na kuleta mzio bado lipo kichwani.

Mifugo_Uyole

Shikamoo Bibi Kihesa. Dada, mimi ni daktari wa mifugo, nipo Uyole. Swali lako la protini kupita nzima wafugaji wanalijua bila kujua kwamba wanalijua. Kwa nini tunawahimiza ndama anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa? Kwa sababu saa 24 za kwanza utumbo wake unapitisha protini nzima nzima mpaka kwenye damu, na kingamwili za mama zinaingia hivyo. Ukimcheleweshea mpaka kesho yake, mlango umefungwa, atakunywa dang'a kama chakula tu. Binadamu hapati kinga nyingi kwa njia hiyo, yeye alishapewa kupitia kondo la nyuma, lakini hata mtu mzima protini kidogo sana hupita nzima, na mwili umezoea kuinyamazia.

Sasa angalia ujanja. Ili kingamwili zisikatwe njiani, dang'a ina kitu kinachozuia tripsini. Nzuri. Lakini kuna bakteria wa jamii ya Klostridia mwenye sumu ambayo ni protini, na adui yake mkubwa ni tripsini hiyo hiyo. Kwa hiyo ndama na wanakondoo wa siku chache ndio wanaokufa nayo, utumbo mwekundu kama ini. Nimepasua wengi, ukiuona huusahau.

Jambo hilo limewahi kutokea kwa watu. Nyanda za juu za Papua New Guinea, milima kama yetu, chakula kikuu kilikuwa viazi vitamu na nyama ilikuwa ya sherehe. Mwili unaokula protini kidogo unatengeneza tripsini kidogo. Viazi vitamu navyo vina kizuizi cha tripsini. Siku ya sherehe wanakula nyama ya nguruwe nyingi kwa mkupuo, yenye bakteria huyo, na sumu inakuta hakuna wa kuikata. Utumbo ulioza, watoto wengi walikufa. Waliuita pigbel. Chanjo ilipoanza kutolewa miaka ya 1980 ugonjwa ulipungua sana.

Nimekuandikia haya kwa sababu uliuliza kama sumu inakula yai kabla ya mtoto. Haili. Ila hapo unaona yai na sumu wanagombea kimeng'enya kimoja. Mtoto anayepata yai kila siku kongosho lake lina kazi na lina silaha.

Kuhusu ng'ombe: kamua matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona vidonge vidonge au majimaji, ana ugonjwa wa kiwele. Akichomwa dawa, maziwa yake yasinywewe na mtu kwa siku atakazokwambia mtaalamu.

Kaka_Mwanjelwa

Bibi nimekuelewa, naondoa ushauri wangu. Mke wangu ananyonyesha, na mimi ndiye niliyemwambia aache maharage. Nimemwambia aendelee.

Bibi_Kihesa

Ahsante daktari, mimi sikulijua hilo la Papua.

Mwanangu wa Kiwira, usiache viazi vitamu sasa. Vikiiva vizuri kile kizuizi kinapungua sana, na binti yako hali viazi peke yake. Maharage vilevile: yachemke mpaka yapondeke kwa kidole, mabichi yana vitu vinavyochubua utumbo.

Mzio upo, na uhusiano na sumu upo. Maabara, watafiti wakitaka kumtia panya mzio wa karanga au wa maziwa, humlisha chakula hicho pamoja na sumu ya kipindupindu. Chakula peke yake, kinga inanyamaza. Chakula pamoja na sumu, kinga inaamshwa na kukosea adui. Lakini panya anapewa kipimo cha makusudi, usimuone binti yako humo. Mzio wa yai utauona kwa macho: vipele vinavyovimba, midomo kujaa, kutapika au kukohoa kwa shida muda mfupi baada ya kula. Umeandika siku zote hizi anakula yai, hukutaja hata kimoja. Endelea.

Chupa ya chai. Huo utando umenifanya nisimame. Uji wa saa kumi na mbili, saa nane ni wa uvuguvugu, na kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwenye kupika, zinangoja uvuguvugu huo. Pika mara mbili, kidogo kidogo. Ukishindwa, fanya walivyofanya bibi zetu: uji uchachuliwe kwa kimea, kama togwa. Uchachu ule unawakatalia bakteria wengi wa kuhara kukua. Miaka ya 1990 watafiti walijaribu hapa hapa Tanzania, na watoto waliopewa uji uliochachuliwa wakaonekana na wadudu wachache wa kuhara kwenye choo. Kimea pia kinalainisha uji mzito, hivyo unaweza kutia unga mwingi na bado anaumeza.

Sitakudanganya kwamba banda la kuku litamrefusha. Nchi za Kenya, Bangladeshi na Zimbabwe walijenga vyoo na sehemu za kunawia vijijini, wakapima watoto, na urefu haukuongezeka. Mimi nilipolisikia niliumia. Nadhani ni kwa sababu uchafu ulipungua kidogo tu na mtoto bado alikuwa na kuku wake sakafuni. Hayo ni mawazo yangu ya kazini. Chakula, ukuta wa utumbo na sakafu, nisingeacha kimoja nikashika kingine.

Akiharisha tena: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kidonge cha zinki cha miligramu 20 kila siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikata siku ya pili. Akina mama wengi wanaacha hapo. Na mwombe muuguzi ampime mkono kwa utepe. Chini ya sentimita 12.5 waanze kumfuatilia karibu, chini ya 11.5 ni hospitali.

Mama_Kiwira

Wiki nne zimepita, nimeona nirudi kuwaambia.

Mkono ulikuwa sentimita 12.7. Kuku wana banda, mume wangu alilijenga kwa mabanzi ya mikaratusi, nyuma ya jiko ili wapate joto la ukuta. Jogoo alirudi jikoni siku tatu mfululizo, ya nne akakubali. Ng'ombe alikutwa na kiwele kibovu upande mmoja, chuchu ya nyuma kulia, matone yalikuwa na vidonge kama alivyosema daktari. Ametibiwa. Chupa ya chai nimeitoa kwa mtoto kabisa, dada wa kazi anapika wa saa nane mwenyewe, na kimea nimejifunza kwa mama mkwe. Nilipomwuliza alishangaa, akasema alidhani sisi wa siku hizi hatukitaki. Aliloweka ulezi usiku ule ule, akaufunika na majani ya mgomba, na siku ya tatu tukauanika pamoja.

Ameharisha mara moja, siku mbili. Zinki nimempa zote kumi na nne, anazitema nusu, narudishia.

Kilo 8.7. Muuguzi alipoweka nukta safari hii alinipa kadi niishike mtoto akiwa bado kwenye mzani, nikaiona mwenyewe.

Bibi, swali: kimea kikishakauka na kusagwa, kinakaa muda gani bila kuharibika kwa baridi hii ya huku?

Bibi_Kihesa

Kikauke kweli kweli, kikitafunwa kivunjike. Saga kidogo cha wiki mbili, kingine kibaki punje kwenye kopo la bati lenye mfuniko, juu ya kichanja karibu na jiko. Kikinusa ukungu usimpe.

Msalimie mama mkwe.